Nyenzo Hii ni ya Nani? Sanaa, Teknolojia na Masomo ya Uzamili

Utangulizi

Katika kurasa kama hizi tumezoea kujadili fani na maudhui, mwandishi na jamii yake, mapokeo na usasa. Jambo moja huwa tunalipita kimyakimya, nalo ni chombo kinachotumika kutengenezea kazi ya sanaa. Tunaisoma riwaya kana kwamba ilijiandika na kujichapa yenyewe. Makala hii inakusudia kulitazama jambo hilo kwa kufuata historia ya vyuo vilivyofundisha sanaa na ubunifu, hasa katika ngazi ya uzamili, sambamba na teknolojia mpya ya wakati wao. Najua msomaji mwenzangu ataguna: "Sasa haya ya mitambo na kompyuta yanatuhusu nini sisi watu wa fasihi?" Yanatuhusu sana. Herufi ni chombo chetu, na baadhi ya watu nitakaowataja walianza na herufi.

Hoja yangu ni moja tu. Wapo wanaodai kwamba teknolojia inaiua sanaa, na wapo wanaodai kwamba inaikomboa. Naona pande zote mbili zinagombana pembeni ya swali lenyewe. Historia inaonesha kwamba kilichoamua matokeo ni nani alikuwa na uwezo wa kukifungua chombo, kukitengeneza upya na kuwagawia wengine.

Chuo kwa ajili ya kiwanda

Tuanzie London. Mwaka 1837 serikali ya Uingereza ilifungua shule ya ubunifu ambayo mwaka 1896 ilipewa jina la Royal College of Art. Mwaka 1967 chuo hicho kilipata hati ya kifalme iliyokiruhusu kutoa shahada zake chenyewe, na leo kinajulikana duniani kwa masomo ya baada ya shahada ya kwanza. Shule hiyo haikuzaliwa kwa mapenzi ya sanaa peke yake. Wabunge na wenye viwanda walihofu kwamba bidhaa za Uingereza, vitambaa vikiwamo, zilikuwa zikizidiwa uzuri na za Ufaransa, na kwamba soko lingewaponyoka. Kwa hiyo mchoraji alitakiwa apambe kile ambacho mashine ilikuwa imekwisha kuamua kukitoa.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaufahamu uhusiano huo kwa upande wake wa pili. Kwa miongo mingi kanga za pwani yetu zilichapwa Ulaya, halafu zikasafirishwa kuja kuuzwa huku. Jina la kanga, yaani ule msemo ulioandikwa juu yake, lilitokana na lugha ya watu wa huku, lakini mtambo ulikuwa kule. Hata ilipofika mwaka 1968, kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, mwanamke aliyeubuni msemo hakuwa na sauti juu ya mashine. Mhakiki anayechambua misemo ya kanga bila kuuliza ni nani aliyeichapa anaichambua nusu tu ya matini.

Ujerumani walijaribu njia nyingine. Shule ya Bauhaus, iliyofunguliwa Weimar mwaka 1919, iliwaweka walimu wa aina mbili katika karakana zake, mmoja wa umbo na mwingine wa ufundi. Mwaka 1923 mkuu wake, Walter Gropius, alitangaza kwamba sanaa na teknolojia ziungane. Mwanafunzi hakukabidhi mchoro dirishani na kuondoka. Alitakiwa kuujua mti, uzi na chuma kwa mikono yake. Shule hiyo ilifungwa mwaka 1933 kwa shinikizo la Wanazi, na baadhi ya walimu wake wakakimbilia Marekani.

Karakana ya herufi

Mwaka 1969 shirika la uchapaji la chuo cha MIT, Marekani, lilitoa kitabu kikubwa cha Hans Wingler kuhusu Bauhaus. Aliyekisanifu ni Muriel Cooper (1925–1994), mkuu wa usanifu wa shirika hilo. Ndiye pia aliyebuni nembo yake, ile ya mistari saba iliyosimama kama migongo ya vitabu rafuni.

Cooper hakuwa mtaalamu wa kompyuta na hakujifanya kuwa hivyo. Alikuwa mtu wa vitabu, na kilichomkera ni kwamba mwandishi, msanifu na mchapaji walikuwa wametenganishwa kama watu wa vijiji visivyosalimiana. Katikati ya miaka ya 1970 yeye na Ron MacNeil wakaanzisha hapo MIT karakana iliyoitwa Visible Language Workshop, yaani karakana ya lugha inayoonekana. Ndani yake waliweka mitambo ya kuchapia ya ofseti. Mwanafunzi aliandika maneno yake, akayapanga, kisha akasimama mwenyewe mtamboni na kuyachapa, akichafuka wino. Baadaye kompyuta zikaingia katika karakana hiyohiyo, na wanafunzi wakazitendea vilevile: hawakusubiri kuletewa programu iliyokamilika, waliandika zao.

Mwaka 1985 karakana ikahamia katika maabara mpya iliyoitwa Media Lab. Mwezi Februari 1994, huko Monterey, California, Cooper alionesha kazi aliyoifanya na wanafunzi wake wa uzamili. Maneno hayakulala tena juu ya ukurasa bapa. Yalielea katika anga yenye kina, na msomaji aliweza kuyakaribia, kuyapita na kuyatazama kwa nyuma. Miezi michache baadaye, Mei 1994, Cooper alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 68.

Wanafasihi tuitazame kazi hiyo vizuri. Swali walilojiuliza watu wale ndilo letu: msomaji anaingiaje ndani ya matini? Tofauti ni kwamba wao walikuwa na ruhusa, na ujuzi, wa kukibadilisha chombo chenyewe.

Kutoka tasnifu hadi kibao

Aliyeendeleza kazi hiyo ni John Maeda, aliyesomea uhandisi MIT na kisha ubunifu Japani. Mwaka 1996 alianzisha Media Lab kundi lake la utafiti, na mwaka 1999 akatoa programu ya kufundishia wasanii namna ya kuiamrisha kompyuta. Ilikuwa na uwanja mdogo wa nukta 100 kwa 100 na rangi za kijivu tu. Mwaka 2001 wanafunzi wake wawili, Ben Fry na Casey Reas, walianzisha nyingine iitwayo Processing na kuitoa bure, tena wakiacha maandishi yake ya ndani wazi ili kila mtu ayasome na kuyarekebisha. Kazi iliyoandikwa ndani yake huitwa kwa neno lenye maana ya mchoro wa haraka, kama ule wa penseli kwenye daftari.

Nimeijaribu mwenyewe kwenye kompyuta ya mwenzangu hapa chuoni. Baada ya mistari michache ya maagizo, herufi moja ilianza kuzunguka kwenye kioo. Hilo halikunifanya kuwa msanii, lakini lilinifundisha kwamba kanuni za chombo ziliandikwa na mtu, na mtu mwingine anaweza kuziandika upya. Nilikumbuka ugomvi wetu wa vina na mizani. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, wanamapokeo walilalamika, lakini hakuna aliyekuwa na ufunguo wa kumfungia mlango wa lugha. Lugha ni nyenzo iliyo wazi kwa wote. Mtambo haukuwa hivyo hadi watu walipoulazimisha.

Reas akaenda kufundisha katika taasisi ya ubunifu ya Ivrea, Italia, mji ambako kampuni ya taipureta ya Olivetti ilianzishwa mwaka 1908. Huko, mwaka 2003, mwanafunzi wa uzamili kutoka Kolombia, Hernando Barragán, alianza tasnifu yake iitwayo Wiring. Ilikuwa ni kibao cha saketi pamoja na programu yake, na kilimwezesha msanii asiyesomea umeme kuendesha taa, mota na vihisio. Wasimamizi wake walikuwa Reas na Massimo Banzi. Mwaka 2005 Banzi na wenzake waliichukua misingi hiyo, ambayo ilikuwa wazi, wakatengeneza kibao cha bei nafuu zaidi na kukiita Arduino. Kilienea dunia nzima, madarasani na kwenye karakana. Barragán hakuwamo katika kundi hilo, na mwaka 2016 alichapisha masimulizi yake marefu kuhusu asili ya kazi hiyo.

Hapo ndipo penye uchungu. Kilichokuwa wazi kilimfaa kila mtu, lakini jina la aliyekianza likabaki nyuma. Sisi tunaosoma fasihi simulizi tunaijua hali hiyo: hadithi ya bibi inachapishwa, na jina la kwenye jalada ni la mkusanyaji. Uwazi bila heshima kwa mtunzi una kasoro yake, na lazima tuiseme.

Udhaifu wa pili unatugusa moja kwa moja. Maneno ya maagizo ndani ya nyenzo hizo ni ya Kiingereza. Mwanafunzi wa sanaa anayefikiri kwa Kiswahili analipa ushuru mpakani kabla hajachora hata mstari mmoja.

Hitimisho

Tangu mwaka 2022 zimeenea programu zinazochora picha au kutunga maandishi kwa kuombwa tu kwa sentensi. Nyingi zimefungwa: mtumiaji anaomba, anapewa, haoni kilichomo ndani wala majina ya waliochangia kuifundisha mashine. Kwa mtazamo wangu huko ni kurudi mwaka 1837, isipokuwa safari hii msanii hapambi hata bidhaa, anachagua tu katika zile alizoletewa. Simwambii mtu asizitumie. Nasema kwamba anayesomea uzamili wa sanaa bila kufundishwa kukifungua chombo anaandaliwa kuwa mteja, hata akivaa joho.

Kwa upande wetu wa uhakiki, napendekeza tuongeze swali moja katika orodha yetu ya kawaida. Baada ya kuuliza kazi inasema nini, inasemaje na inamsemea nani, tuulize pia imetengenezwa kwa nyenzo ya nani, na kama mtunzi aliweza kuibadilisha. Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya wahandisi, si ya wahakiki. Waandike, nasi tutawasoma katika toleo lijalo.