Bakteria Wakaazi

Mzazi wa Likoni aliyempeleka mwanawe kukatwa mafindofindo huona shughuli imekwisha pindi mtoto anapomeza uji bila kulia. Kumbe pengine kuna majibu ya maabara. Tezi zilizotolewa zikipelekwa kupimwa, huenda karatasi ikarudi na mstari unaosema yameonekana makundi ya aktinomaisesi. Jina refu, geni, lenye sauti ya ugonjwa. Hapo simu hupigwa hadi Kisauni na Changamwe, na kila shangazi ana dawa yake.

Aktinomaisesi ni bakteria, na hawakuletwa na kisu. Findofindo lina vishimo vyembamba vinavyozama ndani, na humo hujikusanya mabaki ya chakula, seli zilizokufa na bakteria wa kinywani. Tezi ikikatwa vipande vyembamba mno na kutiwa rangi, hadubini huonyesha mafundo ya zambarau yenye nyuzinyuzi zilizochomoza kingoni. Nyuzi hizo ndizo zilizomfanya Mjerumani Carl Otto Harz, alipowaona katika taya la ng'ombe mwaka 1877, awape jina la Kigiriki lenye maana ya kuvu wa miale. Si kuvu hata kidogo, lakini jina limebaki.

Wataalamu humwita bakteria wa namna hii komensali, neno la Kilatini la watu walao meza moja. Pwani tungesema wa sinia moja. Fasiri iliyo rahisi ni "bakteria wasio na madhara", nami siipendi, kwa kuwa inaahidi mno. Aktinomaisesi wa kinywani, jino likioza au taya likivunjika, akipenya ndani ya nyama, huleta uvimbe mgumu unaotoboka na kutoa usaha wenye chembe za manjano, na tiba yake ni penisilini kwa miezi. Tabia ni ileile, amehama tu. "Vimelea" nayo haifai: kimelea humla mwenyeji wake. Heri "bakteria wakaazi". Linataja wanakoishi, wala halimdhaminii mtu.

Ukipewa karatasi hiyo, usikimbilie duka la dawa kununua antibiotiki. Muulize daktari jambo moja: walikutwa vishimoni tu, au walikuwa wamepenya nyama ya tezi?