Nikeli ya Kabanga na leseni zilizofutwa kwa siku moja

Wadau, leo twende Nyamigogo, Kagera, kule Ngara na Biharamulo. Sisi wa mjini tunaijua kona ile kwa habari za wakimbizi tu. Kampuni za nje zinaijua kwa madini: dhahabu ya Tulawaka Biharamulo na nikeli ya Kabanga Ngara.

Sheria ya Madini ya 1998 ilikuwa tamu kwa mgeni. Mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3. Tena kulikuwa na leseni hodhi: umegundua madini, bei haijakaa vizuri, unashikilia eneo na kusubiri. Kwa leseni ya namna hiyo, Barrick na Glencore waliishikilia Kabanga, nikeli iliyoanza kuchorongwa tangu miaka ya 1970. Barrick huyo huyo alianza kuchimba Tulawaka 2005, na 2013 mgodi ukaenda kwa STAMICO.

Halafu ikaja 2017. Bunge likapitisha sheria mpya: hisa zisizopungua asilimia 16 kwa serikali bila kulipia, mrabaha wa dhahabu asilimia 6, na migogoro ya rasilimali iamuliwe hapa hapa nchini. Januari 2018 kanuni zikafuta leseni hodhi zote kwa mkupuo, ya Kabanga ikiwemo.

Wengi tulishangilia, na sababu zilikuwepo. Nchi gani inakubali mali yake ishikiliwe miaka na miaka bila kuchimbwa? Kasoro ni kwamba mikataba ya kulinda wawekezaji tuliyosaini na mataifa mengine ilikuwa bado hai, na sheria ya Dodoma haifuti saini iliyowekwa na nchi nyingine.

Winshear ya Canada ilitushtaki kwenye kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia kwa mkataba wa 2013. Indiana ni ya Australia, lakini ilikuwa na kampuni zilizosajiliwa Uingereza, ikapitia mkataba wetu na Uingereza wa 1994. Hapo ndipo utaona kazi ya wanasheria wa kampuni hizi: kabla ya kuleta mashine wanachagua nchi ya kusajilia, wakijua siku ya ugomvi itafika. Tulimalizana na Winshear kwa dola milioni 30 mwaka 2023, Indiana kwa milioni 90 mwaka 2024, na Montero, ya Canada pia, kwa milioni 27 mwaka huo huo. Jumla milioni 147, na hakuna hata kilo moja ya madini iliyochimbwa.

Kabanga ilipita njia nyingine. Januari 2021 serikali ilisaini mkataba na wawekezaji wapya, ikazaliwa Tembo Nickel, serikali ikiwa na asilimia 16. Hata hivyo, hadi 2025 uzalishaji ulikuwa haujaanza.

Mimi naona hivi: kubadili sheria ni haki yetu, lakini kwanza tusome tulichosaini. Mgeni anakuja na wanasheria waliosoma kila mstari. Sisi tukisoma baada ya kesi kufunguliwa, bili inakwenda kwa mlipa kodi, akiwemo mkulima wa Nyamigogo ambaye hakuulizwa chochote, si 1998 wala 2018.

Naomba kuwasilisha.