Ngare na Nyuki: Utitiri katika Historia ya Meru

Historia ya Arusha tuliyoizoea ina boma la Wajerumani, walowezi, kahawa, kesi ya ardhi ya Wameru na Azimio la 1967. Utitiri hayumo. Kiumbe asiyefikia nusu milimita, anayejificha upande wa chini wa jani na kufyonza seli zake, ataandikwa na nani? Mkulima wa nyanya anamjua kwa kazi yake: madoa madogo meupe, jani linageuka rangi ya shaba, kisha utando kama wa buibui unafunika mche. Wakulima humwita utitiri mwekundu. Ukimfuata kwenye maandishi, unajifunza jinsi mlima wetu ulivyoandikwa.

Mwaka 1905 Msweden Yngve Sjöstedt alifika Kilimanjaro na Meru kukusanya viumbe, akabaki hadi 1906. Makusanyo yalisafirishwa Ulaya, yakagawiwa wataalamu, na matokeo yakatoka katika majuzuu matatu yaliyokamilika 1910, mengi yake kwa Kijerumani. Sura ya akari, kundi pana ambalo utitiri wetu ni tawi lake mojawapo, iliandikwa na Ivar Trägårdh mwaka 1908.

Kati ya mahali panapotajwa na msafara huo pamo “Ngare na nyuki”. Mswahili akisoma haraka anaona nyuki wa asali. Kumbe ni Kimaasai, maji mekundu, yaani Engare Nanyuki, kaskazini mwa Meru. Kibandiko cha sampuli kwa kawaida hubeba mahali, tarehe na jina la mkusanyaji. Aliyebeba mzigo, na aliyeijua mimea ile kwa majina yake, hana nafasi hapo.

Miaka arobaini na kitu baadaye, Engare Nanyuki ikaingia kwenye maandishi kwa njia nyingine. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu ili ardhi iwe mashamba ya mifugo ya Wazungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama Umoja wa Mataifa kulieleza jambo hilo, na mwaka 1967 yeye na wakili Earle Seaton wakatoa kitabu juu ya kesi hiyo. Safari hii mwenyeji ndiye aliyeandika. Lakini aliandika ardhi na watu, maana ndivyo vilivyoporwa. Majani yalibaki kwenye juzuu la Kijerumani.

Hifadhi nayo ina tarehe zake. Kreta ya Ngurdoto ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1960, na kufikia 1967 Mlima Meru ulikuwa ndani na jina likawa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Watu wakisema hifadhi, wanafikiria twiga, nyati na tembo. Mpaka unaweza kumzuia mkata miti. Utitiri hupeperushwa na upepo, hivyo mpaka ule kwake si kitu.

Mwaka huohuo wa 1960, Wamarekani Baker na Pritchard walichapisha kazi kubwa kuhusu utitiri wa Afrika. Humo walimpa jina Tetranychus evansi, ambaye leo ni adui mkubwa wa nyanya Afrika Mashariki. Sampuli yao ilitoka Mauritius, ilhali asili yake ni Amerika Kusini. Kwa hiyo rekodi ya kwanza inatuambia mwandishi alimkuta wapi. Nyumbani kwake ni habari nyingine.

Tofauti hiyo ina bei. Utitiri wa kijani wa mihogo ulionekana Uganda mwaka 1971. Wataalamu walipotambua kwamba ametoka Amerika Kusini, walimfuata adui yake huko: utitiri mlaji, Typhlodromalus aripo, aliyetolewa Brazil na kuachiwa Benin mwaka 1993, kisha akaenea nchi nyingi zinazolima mihogo. Bila kujua kwao, wangeendelea kupuliza dawa, na dawa nyingi huua walaji hao pia.

Sasa tugeuze swali. Wapo utitiri na walaji wao ambao nyumbani kwao ni huku. Mnafu tunaopika, ndulele zinazoota pembeni mwa njia, mimea ya msituni: yote yanaweza kuwabeba. Lakini orodha zetu zimejaa mazao, kwa sababu utitiri huandikwa akileta hasara. Akiishi kwa amani na mlaji wake kwenye jani la msituni, hana mwandishi.

Ngaramtoni, nje kidogo ya mji, ipo hebaria ya taifa, mimea iliyokaushwa na kuandikwa majina. Hatuanzi sifuri. Kinachotakiwa ni kugeuza majani ya Meru yaliyo hai, tukiwa na lenzi na kalamu, na safari hii jina la aliyeujua mmea liandikwe kwenye kibandiko. Siku mkulima wa Tengeru atakapohitaji mlaji wa utitiri wake, jibu huenda liko juu ya kichwa chake, mlimani. Tatizo ni kwamba bado halijaandikwa.