Bolti Iliyofichika: Historia Fupi ya Mashine ya Boti

Ndugu zangu tuliopita shuleni hapa, na ninyi wadogo zetu mlioko madarasani,

Wengine wataandika historia ya vita na wafalme. Mimi nimechagua mashine inayoning'inia tezini mwa boti. Wengi wetu tumekulia kando ya maji, na tunajua hatari ya mashine kuzimika mbali na nchi kavu.

Mashine hii ilistawi Marekani. Cameron Waterman alipata hataza ya mashine yake mwaka 1907. Mwaka 1909 Ole Evinrude, fundi mzaliwa wa Norwe, alianza kuuza yake mjini Milwaukee. Ilikuwa na silinda moja, nguvu za farasi 1.5 na uzito wa ratili 62, yaani kilo 28 hivi. Shafti kuu ilisimama wima, flaiwili juu, gia chini majini. Mpango huo ungali unatumika. Mtu mmoja aliweza kuifungua botini, kuibeba begani na kuitengeneza nyumbani, na sehemu nyingi zilikuwa wazi mbele ya macho yake.

Kisha starehe ya nahodha ikaanza kuwa taabu ya fundi. Mwaka 1949 kampuni ya Johnson ilitoa mashine ya farasi 10 yenye gia ya kwenda mbele, ya kurudi nyuma na ya kutulia, pamoja na tangi la mafuta la kando. Nahodha alifurahi; lakini kuanzia hapo, anayeshusha sehemu ya chini ya mashine ya namna hiyo hana budi kukumbuka pia fimbo ya gia. Nguvu zikazidi, uzito ukazidi, vifuniko navyo vikazidi. Yamaha wakaingia kazini mwaka 1960. Evinrude, jina kongwe, lilikoma kutengenezwa mwaka 2020. Zile sehemu za mafichoni zimebaki.

Hapo ndipo penye somo. Binadamu husafisha kile ambacho mkono unakifikia. Siku moja mimi na wenzangu tulielea kutwa nzima juani. Plagi tulikuwa tumezisugua, kabureta tumeiosha. Pampu ya maji hakuna aliyeigusa, kwa kuwa imejificha ndani ya mguu wa mashine, juu ya gia. Ndani yake mna kigurudumu cha mpira chenye mapezi, kidogo kuliko kiganja. Mapezi yalikuwa yamekatika, maji ya kupoza hayakupanda, na mashine ikaungua.

Kukifikia si uchawi. Legeza bolti za sehemu ya chini. Ikikataa kushuka, usiichokonoe kwa bisibisi wala kuipiga nyundo: katika mashine nyingi bolti moja imefichwa chini ya kile kipezi kidogo kilicho juu ya rafadha. Tia alama kipezi kabla ya kukitoa, ili ukirudishe kilivyokuwa. Ikiwa fimbo ya gia imeungwa, ifungue kwanza. Bolti iliyoshikwa na chumvi ipe mafuta na subira, maana ikikatika ndani ya aluminiamu msiba ni mkubwa zaidi. Wakati wa kurudisha, hakikisha meno ya shafti yameingia, bomba la maji limekaa mahali pake, na gia iko pale ulipoiacha. Paka bolti grisi, ili atakayekuja baada yako asikulaani.

Baharini, badilisha mpira huo kila mwaka. Na kila uwashapo, tazama mchirizi wa maji unaotoka nyuma ya mashine. Usipouona, zima mara moja.

Wadogo zetu, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza hili: ufa ulio wazi kila mtu atauziba. Fundi wa kweli hutambulikana kwa ule usioonekana.