Kuongoza Mwendo wa Mashine: Historia ya Viwanda vya Chai vya Kericho na Bomet

Jani la chai linalochumwa Kimulot, katika Konoin, Kaunti ya Bomet, hukaa mikononi mwa watu kwa saa chache tu. Mkulima huchuma majani mawili na kichipukizi, huyafikisha kwenye kituo cha kununulia, yakapimwa, na lori likayabeba siku hiyohiyo hadi kiwandani. Kuanzia hapo hatima ya jani iko kwenye vitu vinavyozunguka: feni za kunyaushia, rola za kusagia, mikanda ya kuchachushia, vikaushio na machekecheo. Kila kimoja kina kasi yake, na kasi ikipotoka chai huharibika hata kama jani lilichumwa vizuri. Vitabu vya historia ya chai nchini Kenya hueleza ardhi, makampuni na bei, mambo mazito kwelikweli, lakini fundi anayesimamia mwendo huo huachwa nje. Bila yeye, hata hivyo, hakuna chai ya kuuza.

Mashine ziliingia kwenye chai katika karne ya 19. Kabla ya hapo majani yaliviringishwa kwa mikono na kukaushwa juu ya makaa. William Jackson alitengeneza mashine ya kuviringishia katika miaka ya 1870. Samuel Davidson, aliyewahi kulima chai Cachar nchini India, alibuni kikaushio cha hewa moto kilichojulikana kwa jina la Sirocco, na mwaka 1881 akaanzisha karakana yake Belfast. Viwanda vya zama hizo viliendeshwa na injini moja. Injini ilizungusha shafti ndefu iliyopita chini ya paa, na kutoka kwenye shafti hiyo mikanda ya ngozi iliteremka hadi kwenye kila mashine. Mzigo ukizidi upande mmoja, kasi ilishuka kote.

Kenya ilipata miche yake ya kwanza ya chai mwaka 1903 huko Limuru, iliyopandwa na G. W. L. Caine, lakini biashara kubwa ilianzia Kericho. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni ilitwaa ardhi ya Wakipsigis na kuwagawia maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani. Hao walilima kitani, bei ikaanguka, mradi ukafa. Katikati ya miaka ya 1920 ardhi hiyo ikaangukia mikononi mwa African Highlands Produce, kampuni ya James Finlay, na Brooke Bond nayo ikafungua mashamba yake wakati uleule. Mwaka 1934 ukoo wa Talai wa Wakipsigis ulihamishwa kwa nguvu na kupelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Mashine za chai zilisimikwa juu ya msingi huo, na historia ya ufundi isiyoutaja huwa imepunguza ukweli.

Mashamba hayo yalikuwa mbali na umeme wa mijini, lakini yalikuwa na mito inayoshuka kwa kasi kutoka msitu wa Mau. Makampuni yalijenga mitambo yao midogo ya umeme wa maji, na hapo ndipo suala la kuongoza mwendo lilipojitokeza waziwazi. Turbini inayosukumwa na maji haijui kwamba rola zimezimwa au vikaushio vimewashwa. Mzigo ukipungua, huzunguka kwa kasi kupita kiasi. Mzigo ukiongezeka, hulegea. Dawa yake ilikuwa kidhibiti mwendo, ndugu mkubwa wa kile ambacho kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki ziliamuru kifungwe kwenye matatu mwaka 2004. James Watt alikitia kwenye injini ya mvuke mwaka 1788: mipira miwili ya chuma ikining'inia kwenye mhimili unaozunguka. Mhimili ukienda mbio, mipira hutanuka na kuvuta wenzo unaobana mvuke. Ukipunguza kasi, mipira hushuka na mvuke huongezeka. Kwenye turbini, wenzo huo hubana maji badala ya mvuke.

Ubunifu huo una thamani isiyopungua hadi leo, kwa sababu ndani yake mna wazo lote la udhibiti: kupima mwendo uliopo, kuulinganisha na unaotakiwa, kisha kusahihisha tofauti. Mna pia kasoro yake yote. Kidhibiti kinachosahihisha kwa pupa huvuka lengo, kikarudi nyuma kupita kiasi, kikavuka tena, na mashine ikabaki inayumba bila kutulia. Mwanafizikia James Clerk Maxwell alieleza jambo hilo kwa hesabu mwaka 1868. Katika kituo kidogo cha umeme, dalili yake ni taa zinazofifia na kung'aa kwa zamu.

Mapinduzi makubwa ndani ya kiwanda yalitoka Assam, India. Mwaka 1930 William McKercher, msimamizi wa shamba la Amgoorie, alibuni mashine ya CTC, yaani ya kuponda, kuchana na kuviringisha jani kwa pamoja. Ina rola mbili za chuma zilizochongwa meno makali, zimelazwa sambamba, zinazunguka kuelekeana. Siri yake haiko kwenye meno peke yake. Rola moja huenda polepole na nyingine kwa kasi takriban mara kumi: kwa mfano mizunguko 70 kwa dakika dhidi ya 700. Ile ya polepole hulishika jani na kulisogeza, ile ya kasi hulikata, kama mkono unaosukuma sukuma wiki chini ya kisu. Uwiano huo ukivurugika, jani hupita likiwa limepondwa tu bila kukatwa, au hupashwa moto na msuguano kabla ya wakati wake.

Kwa kawaida mashine kadhaa hupangwa mstari mmoja, na nafasi kati ya rola hupunguzwa kadiri jani linavyosonga mbele. Kurekebisha nafasi hiyo ni kazi ya sehemu ndogo sana za milimita, na hapa ndipo ustadi wa fundi huonekana. Rola zikigusana, meno hulika na chembe za chuma huingia kwenye chai. Zikiachana, vipande hutoka vikubwa. Fundi mzoefu huangalia unga unaotoka, huusugua kiganjani, husikiliza mlio wa mashine, kisha huzungusha skrubu upande wa kushoto na wa kulia kwa usawa. Meno hupoteza makali baada ya muda, na rola hung'olewa na kupelekwa karakana ili yachongwe upya. Kila yanapochongwa, kipenyo cha rola hupungua, na mpangilio mzima lazima upimwe tena. Fundi asiyeweka kumbukumbu za vipenyo hivyo huishia kurekebisha kwa kubahatisha.

Athari ya kazi hiyo huonekana mnadani. Chai ya CTC hugawanywa kwa madaraja kama BP1, PF1, PD na D1 kulingana na ukubwa wa punje, na wanunuzi wa mnada uliohamia Mombasa mwaka 1969 hulipa kwa daraja. Rola butu huongeza nyuzinyuzi, na bei hushuka. Jasho la mkulima wa Kimulot, kwa maana hiyo, linaweza kupotea kwenye pengo jembamba lisiloonekana kwa jicho.

Wakulima wadogo waliingia kwenye ufundi huu kwa kuchelewa, kwa kuwa ukoloni uliwazuia. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 wa kuendeleza kilimo cha Waafrika ulifungua njia, kiwanda cha kwanza cha wakulima wadogo kikajengwa Ragati, Nyeri, mwaka 1957, na mwaka 1964 KTDA, mamlaka ya kuendeleza chai ya wakulima wadogo, ikaundwa. Konoin leo ina viwanda vya wakulima kama Mogogosiek na Kapset. Katika miongo iliyofuata uhuru, Kenya iliegemea CTC kwa kiasi cha kuifanya karibu aina pekee ya chai yake, kwani hutoa rangi na ukali upesi kwenye kikombe na inafaa kwa mifuko midogo ya chai iliyokuwa ikienea Ulaya.

Shafti ya pamoja ilitoweka pale kila mashine ilipopata mota yake ya umeme. Mota ya kawaida, hata hivyo, ina kasi moja inayoamuliwa na gridi, na fundi alibadilisha mwendo kwa kubadilisha puli au giaboksi tu. Inveta ndiyo iliyovunja pingu hiyo. Kifaa hicho hubadilisha masafa ya umeme unaoingia kwenye mota, na kwa hiyo kasi yake, bila kugusa puli. Faida yake ni kubwa zaidi kwenye feni za kunyaushia, ambazo hupuliza hewa kwenye majani kwa saa 12 hadi 18. Nguvu inayotumiwa na feni hufuata kipeo cha tatu cha kasi yake. Feni ikishushwa hadi asilimia 80 ya kasi yake, hutumia takriban nusu tu ya umeme. Usiku wa baridi na ukavu, jani halihitaji upepo wote, na kuendesha feni kwa kasi kamili ni kuchoma fedha za wakulima.

Hatua ya juu zaidi ni servo. Asili yake ni Ufaransa, ambako Joseph Farcot aliitumia kuongozea usukani wa meli za mvuke na kuandika kitabu juu yake mwaka 1873. Mota ya servo ina sensa inayotoa taarifa ya mahali shafti ilipo, na kontrola hulinganisha taarifa hiyo na amri mara nyingi sana kwa sekunde. Anayeisimika hukumbana na tatizo lilelile la Maxwell: nguvu ya kusahihisha ikiwekwa juu mno, mota hutetemeka na kuunguruma, ikiwekwa chini mno, huchelewa. Njia salama ni kuanza chini, kupandisha kidogokidogo, na kurudi nyuma mtetemo unapoanza. Katika kiwanda cha chai, rola na feni hazihitaji servo, na kuwauzia wakulima kifaa hicho kwa kazi ya inveta ni kuwapunja. Mahali pake ni kwenye upimaji na ufungaji wa pakiti, ambako usahihi hulipa gharama yake. Mikanda ya kuchachushia, ambako chai hukaa kwa saa moja au zaidi kidogo, inatosheka na kontrola inayoratibu kasi, hewa na muda.

Nje ya kiwanda, mashine zilizua uchungu. Mashine za kuchumia chai ziliingia kwenye mashamba makubwa ya Kericho katika miaka ya 2000, migomo ikafuata, na mwezi Mei 2023 waandamanaji walichoma mashine kadhaa wakilalamikia kupotea kwa ajira. Malalamiko yao yalikuwa ya haki: mashine ilileta faida upande mmoja na njaa upande mwingine, na wachumaji hawakuandaliwa kazi nyingine.

Viwanda vya wakulima vina nafasi ya kufanya vizuri zaidi. Tangu mwaka 2000 KTDA si shirika la serikali tena, na makampuni ya viwanda yanamilikiwa na wakulima wenye hisa. Wakurugenzi wanaochaguliwa na wakulima hao watenge nafasi za mafunzo kwa vijana wa Konoin wanaosomea umeme na mitambo, vijana hao wafanye kazi bega kwa bega na mafundi wa rola kabla mafundi hao hawajastaafu, na wakabidhiwe inveta na kontrola wazipange wenyewe badala ya kumsubiri mtaalamu kutoka Nairobi kila mota inapogoma.