Kuuliza Maana: Upimaji wa Sarufi na Ufahamu wa Kiingereza cha Awali Tanzania

Chukua sentensi hii: Mabirubi matatu yalilisokonda dendele kando ya mkunzwe. Mabirubi hayo ni mangapi? Yalilifanya nini dendele? Yalilifanyia wapi? Msomaji yeyote wa Kiswahili atapata maksi zote tatu bila kusita, ingawa majina hayo na kitenzi chake nimeyabuni na hayana maana yoyote. Upatanisho wa kisarufi umemtosha. Ameona kiambishi cha mtenda, akaona cha mtendwa, akanakili.

Maswali mengi ya ufahamu katika mitihani yetu ya Kiingereza hujibiwa kwa namna hiyohiyo. Mtoto wa darasa la saba hulisoma swali kwanza, hutafuta neno lake ndani ya kifungu, huweka kidole hapo, kisha huchagua jibu lenye maneno yanayokaa jirani na kidole. Walimu wanalijua jambo hili, na wapo wanaolifundisha waziwazi kama mbinu ya kufaulu. Siwalaumu sana, maana swali ndilo lililowaelekeza huko. Dai la makala haya ni kwamba swali linalojibika bila kupita kwenye maana halijapima ufahamu, wala halijapima sarufi. Na katika shule nyingi za umma za Tanzania Bara, ambako elimu ya msingi hutolewa kwa Kiswahili, njia iliyo wazi ya kumlazimisha mtahiniwa apite kwenye maana ni kumuuliza kwa Kiswahili.

Tuanze na sarufi, kwa kuwa ndiyo inayodhaniwa kuwa rahisi kupima. Mazoea ya kuikatakata lugha katika vipande na kupima kila kipande peke yake yalipata nguvu kubwa kutokana na kitabu cha Robert Lado, Language Testing, cha mwaka 1961. Urithi wake tunao hadi leo: Asha ___ to the market yesterday, na chini yake go, goes, went, going, gone. Mwanafunzi anayelipata swali hili amethibitisha nini? Amethibitisha kwamba akiliona neno yesterday huchagua umbo la wakati uliopita. Neno market si lazima alijue. Hata Asha akienda msikitini au kuzimu, jibu ni lilelile.

Linganisha na sentensi mbili zifuatazo: When the bus came, Asha left the house. When the bus came, Asha had left the house. Sasa uliza kwa Kiswahili: katika sentensi ipi basi lilifika Asha akiwa ameshaondoka? Tofauti yote ipo kwenye had. Hakuna neno la kunusa wala la kunakili. Kidole hakina pa kukaa. Mtahiniwa anayejibu sawasawa ameielewa sarufi kwa kuwa ameelewa nani alitangulia kufanya nini. Vivyo hivyo kwa unless. Tangazo la zahanati lisemalo You will not get the medicine unless you bring your card laweza kufuatwa na swali: aliyesahau kadi nyumbani atapewa dawa? Asiyejua unless atabaki kukisia, na kukisia ndiko tunakotaka kukubaini. Sarufi na ufahamu, ambavyo karatasi zetu huviweka katika sehemu A na sehemu nyingine, hapa ni kitu kimoja.

Wapimaji wamewahi kutafuta njia ya kuviunganisha. Mwaka 1953 Wilson Taylor, akishughulikia usomekaji wa maandishi ya magazeti, alibuni jaribio la kufuta maneno katika kifungu kwa mpangilio maalumu, tuseme kila neno la tano, na kumwachia msomaji ajaze nafasi. Jaribio hilo ndilo walilotumia Clive Criper na William Dodd walipopima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania na kutoa ripoti yao mwaka 1984. Walichokikuta kinajulikana na kila mtafiti wa lugha ya kufundishia nchini: ni takribani asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne waliofikia kiwango ambacho masomo kwa Kiingereza yangeweza hata kuanza. Ripoti hiyohiyo ikapendekeza Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia sekondari. Mjadala uliofuata ulijikita kwenye pendekezo hilo la kushangaza, kwa haki kabisa, na swali la kipimo chenyewe likapita pembeni. Lakini J. Charles Alderson alikuwa amekwisha kuonyesha, mwaka 1979, kwamba ukibadili nafasi za kufuta, kutoka kila neno la sita hadi kila neno la nane, unapata mtihani mwingine wenye matokeo mengine, na kwamba nafasi nyingi hujazwa kwa kutazama maneno machache ya jirani. Kidole tena.

Kuanzia mwaka 2010 wapimaji wa mpango wa Uwezo walipita kaya kwa kaya wakimpima mtoto kwa mdomo: herufi, maneno, aya, hadithi. Takribani nusu ya watoto wa darasa la saba walishindwa kusoma hadithi ya Kiingereza ya kiwango cha darasa la pili. Kipimo hicho kinastahili heshima kwa uwazi wake. Hata hivyo kutamka hadithi na kuielewa ni mambo mawili, hasa kwa mtoto aliyezoea maandishi ya Kiswahili ambayo hutamkwa kama yalivyoandikwa.

Pendekezo la kuuliza kwa Kiswahili lina wapinzani, na hoja zao hazilingani uzito. Wapo wasemao mtoto atazoea kutafsiri. Mtoto anatafsiri tayari, ila kimyakimya na vibaya. Wapo wasemao gharama, kwa kuwa mtihani wa darasa la saba una watahiniwa zaidi ya milioni moja kwa mwaka na tangu 2012 sehemu yake kubwa husahihishwa kwa mashine. Maswali ya Asha na ya zahanati yanaweza kuwa ya kuchagua na mashine ikayasoma bila shida, kwani kivuli cha penseli hakina lugha.

Hoja nzito ni ya tatu, na hutolewa mara chache. Swali la Kiswahili linaweza kumfumbulia mtahiniwa kifungu chenyewe. Ukiuliza “Kwa nini mvuvi aliuza mtumbwi wake?” umekwisha kumwambia kuna mvuvi, kuna mtumbwi, na umeuzwa, kilichobaki anaweza kukibahatisha kwa akili ya kawaida. Kwa hiyo mtunzi atauliza kwa upana zaidi, “Mwishoni mtu huyu alipoteza nini?”, na vipotoshi vyake vyote, yaani majibu yasiyo sahihi, vitokane na mambo yanayotajwa kifunguni: nyumba, wavu, rafiki. Vikitoka nje ya kifungu, mtoto atavitupa bila kusoma. Utunzi wa namna hii ni mgumu na unahitaji majaribio. Jaribio moja ni la bei nafuu mno: wape wanafunzi wa shule chache maswali peke yake, bila kifungu. Swali lenye majibu matano likipatwa na zaidi ya mmoja kati ya watano kwa tofauti kubwa, halikupima usomaji, litupwe.

Mipaka ya pendekezo hili ni bayana. Kenya haliwafai wengi, kwa kuwa Kiswahili huko ni somo na siyo lugha ya kufundishia. Tanzania kwenyewe lina umri wake: darasa la saba, kidato cha kwanza, pengine cha pili. Mwanafunzi wa kidato cha nne anapaswa kuulizwa kwa Kiingereza na kujibu kwa sentensi zake mwenyewe, kisha asomwe na mtahini mwenye muda wa kuusoma mwandiko wake. Itakayopingwa zaidi, nadhani, ni karatasi ya darasa la saba yenye kichwa cha somo la Kiingereza na maswali ya Kiswahili chini yake. Wazazi wataiona ni kushusha kiwango, na baraza la mitihani litahitaji matokeo ya majaribio mkononi kabla ya kuitetea mbele yao.