Mwani na Kisukari: Ni Chakula, Si Badala ya Dawa

Mwani unaolimwa na akina mama wa Kibuyuni na Mkwiro, kule Kwale, zamani tuliujua kuwa ni wa kukaushwa na kuuzwa nje. Leo unasagwa unga, unatiwa kwenye juisi na keki, na wapo wanaousifu kuwa unatibu kisukari. Sifa hiyo ina ukweli kiasi gani?

Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, mwili huzalisha kwa wingi chembe haribifu zitokanazo na oksijeni. Chembe hizi hudhuru mishipa midogo ya damu, na ndiyo sababu mojawapo ya wagonjwa kuharibikiwa macho, figo na miguu. Antioksidanti ni viambato vinavyozizima chembe hizo.

Mwani unavyo viambato hivyo, lakini aina zake hazilingani. Mwani wa kahawia unaoliwa Japani na Korea, kama wakame, una fukozanthini. Aina nyingine za kahawia zina florotanini, ambayo pia hupunguza kasi ya wanga kugeuzwa sukari tumboni. Matokeo mazuri yameonekana zaidi katika maabara na kwa panya. Majaribio kwa binadamu ni machache na madogo.

Mwani wetu, spinosamu na kotonii, ni wa jamii ya mwani mwekundu. Hazina yake kubwa ni karajinani, ule utelezi unaogandisha chakula. Una nyuzinyuzi zenye faida na antioksidanti zake, lakini si haki kuuvisha sifa za wakame.

Anayetaka kuula auoshe vizuri kwa maji baridi kupunguza chumvi, na ahakikishe umetoka bahari safi, kwani mwani hufyonza madini mazito ya maji machafu. Mwenye maradhi ya tezi ya shingo aogope wingi wa iodini, na mwenye figo dhaifu amuulize daktari kwanza. Juisi ya mwani iliyojazwa sukari haimfai mgonjwa hata kidogo.

Tunaamini kila maradhi yana dawa, na kutafuta tiba ni wajibu. Lakini kuacha insulini au metformini kwa sababu ya kikombe cha mwani ni kujitia hatarini kwa mkono wako. Kula mwani kama mboga, endelea na dawa zako, na pima sukari kama ulivyoagizwa. Wallahu aalam.